Namba ya Siku ya Julian: jinsi programu inavyohesabu tarehe za kale

Namba ya siku ya Julian ni hesabu ya siku tupu, isiyo na mwezi wala mwaka. Sifuri yake iko tarehe 1 Januari ya mwaka 4713 kabla ya Kristo, kwa kalenda ya Julius Kaisari, na tangu hapo kila siku inaongeza moja bila kurukwa. Siku ya Uhuru wa Tanganyika, 9 Desemba 1961, ni siku ya 2,437,643. Siku ya Muungano, 26 Aprili 1964, ni ya 2,438,512. Toa ya kwanza kwenye ya pili utapata siku 869, na hukuhitaji kujiuliza kama Februari ya 1964 ilikuwa na siku 28 au 29.

Kipindi cha miaka ambacho sifuri hiyo ndiyo mwanzo wake kilibuniwa mwaka 1583 na mwanazuoni Mfaransa, Joseph Scaliger. Alizidisha mizunguko mitatu ya miaka 28, 19 na 15 akapata miaka 7980, kisha akarudi nyuma hadi mwaka ambao yote mitatu ilianza pamoja. Karne ya 19 mwanaanga Mwingereza John Herschel akaeneza matumizi ya kuhesabu siku zenyewe badala ya miaka. Wanaanga huanza siku yao saa sita mchana ya Greenwich, ambayo kwa Dodoma ni saa tisa alasiri. Kwa kazi ya historia inatosha namba nzima, moja kwa kila tarehe.

Tuseme mwandishi wa programu hapa Dodoma amepewa kazi ya kupanga kumbukumbu za familia moja ya Kondoa. Ndani ya sanduku kuna barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, zenye tarehe za Hijria. Kuna karatasi za utawala wa Kijerumani zenye tarehe za Gregori, kalenda tunayoitumia leo. Na kuna maelezo ya wazee: fulani alizaliwa wakati wa Mtunya, ile njaa kubwa ya Ugogo. Mteja anataka vyote vipangwe kwa mfuatano mmoja. Kalenda zile ni kama stesheni za Reli ya Kati, kila moja na jina lake. Namba ya siku ni kilomita iliyoandikwa kwenye nguzo kando ya reli, na hiyo ndiyo inayokuambia kipi kiko mbele ya kipi.

Kwa hiyo programu nzuri haigeuzi Hijria kuwa Gregori moja kwa moja. Inageuza tarehe kuwa namba, halafu namba kuwa tarehe ya kalenda nyingine. Ukiwa na kalenda tano na ukataka kila moja igeuke kuwa nyingine, utaandika kanuni ishirini. Ukipitia kwenye namba, utaandika kumi tu, ya kwenda na ya kurudi kwa kila kalenda, na kosa likitokea utajua pa kulitafuta.

Upande wa Gregori kuna hila moja ninayoipenda sana: kanuni inauanza mwaka mwezi Machi. Januari na Februari zinahesabiwa kuwa miezi ya mwisho ya mwaka uliotangulia, hivyo siku ya nyongeza ya mwaka mrefu inaangukia mwisho kabisa na haivurugi mwezi wowote unaofuata. Baada ya hapo ni kuzidisha na kugawanya tu: siku 365 kwa kila mwaka, ongeza moja kila miaka minne, punguza moja kila mia, rudisha moja kila mia nne.

Ugumu ni kujua tarehe iliyo mbele yako ni ya kalenda gani. Papa Gregori wa 13 alipoirekebisha kalenda, Alhamisi ya 4 Oktoba 1582 ilifuatwa na Ijumaa ya 15 Oktoba. Tarehe kumi zilifutwa, lakini namba za siku zilikwenda sawia: 2,299,160 kisha 2,299,161. Uingereza ilifuata mwaka 1752, Urusi mwaka 1918. Vasco da Gama alifika Malindi 14 Aprili 1498 kwa kalenda ya wakati wake, siku ya Jumamosi. Iandike tarehe hiyo kwenye lugha ya programu ya Python, nayo itakuambia ni Alhamisi, kwa sababu inairefusha kalenda ya Gregori kurudi nyuma hata kwenye karne ambazo haikuwepo. Darasa la zamani la kalenda ndani ya Java, kinyume chake, linabadili kalenda lenyewe likivuka 1582. Tarehe ileile kwenye lugha mbili za programu inaleta siku mbili zilizoachana kwa siku tisa, na hakuna onyo lolote linalotokea kwenye skrini.

Excel ina lake. Hesabu yake ya kawaida inaanza 1 Januari 1900, na inaamini kwamba mwaka huo ulikuwa na 29 Februari, jambo ambalo si kweli: 1900 haukuwa mwaka mrefu. Barua ya 1888 ukiiandika humo itabaki kuwa maandishi matupu, haitahesabika. Ndiyo maana kumbukumbu za aina hii nisingeziweka kwenye Excel hata kama ofisi nzima imeizoea. PostgreSQL, programu ya hifadhidata, inafaa zaidi, kwani hesabu zake za tarehe zimejengwa juu ya siku za Julian.

Turudi kwenye sanduku la Kondoa. Tuchukue barua ya mfano iliyoandikwa “Jumanne, 10 Mfungo Mosi 1305”. Mtego wa kwanza uko kwenye mwezi. Mfungo Mosi ni Shawali, mwezi wa kumi wa Hijria, na mwaka wa Hijria unabadilika kwenye Mfungo Nne, yaani Muharamu. Programu inayodhani Mfungo Mosi ni mwezi wa kwanza itakosea kwa miezi tisa. Kanuni yake ni fupi: chukua namba ya mfungo, ongeza 8, gawanya kwa 12, chukua baki na uongeze 1. Rajabu, Shabani na Ramadhani, zisizo na namba ya mfungo, ni mwezi wa 7, wa 8 na wa 9.

Kisha inakuja hesabu ya jedwali. Miezi inapokezana siku 30 na 29, mwaka unapata siku 354, na ndani ya kila miaka 30 huongezwa siku 11, hivyo mzunguko mzima una siku 10,631. Kwa barua yetu: 1305 mara 354 ni 461,970. Siku za nyongeza ni 1305 mara 11, jumlisha 3, gawanya kwa 30 na uache desimali: 478. Mwezi wa kumi unaleta 296, yaani 30 mara 10 ukitoa 4, kwa kuwa miezi minne kabla yake ilikuwa na siku 29. Ongeza tarehe, 10, na kianzio cha kanuni, 1,948,055. Jumla ni 2,410,809, ambayo kwa Gregori ni 20 Juni 1888. Kanuni hiyohiyo inaiweka siku ya Uhuru kwenye 1 Rajabu 1381.

Lakini mwandishi wa barua hakufuata jedwali, alifuata mwandamo. Mwezi ukionekana mapema au ukifichwa na mawingu, tarehe yake inasogea. Siku Msikiti Mtukufu wa Makka ulipovamiwa, 20 Novemba 1979, watu wa pale walikuwa kwenye tarehe mosi Muharamu 1400. Jedwali linaiweka tarehe mosi hiyo kwenye 21 Novemba.

Siku ya wiki ndiyo inayosaidia hapa, kwa sababu wiki haikukatika hata mwaka 1582. Gawanya namba ya siku kwa 7 utazame baki: sifuri ni Jumatatu, moja ni Jumanne, mbili ni Jumatano, hadi sita ambayo ni Jumapili. Namba yetu ina baki mbili, Jumatano, ilhali barua inasema Jumanne. Jedwali limezidi kwa moja, na tarehe sahihi ni 19 Juni 1888. Mtu anaweza kukosea tarehe ya mwezi mwandamo, ila ni vigumu zaidi kusahau kwamba leo ni Jumanne. Nikilazimika kuchagua kati ya hizo mbili, naiamini siku ya wiki.

Hata hivyo siku ya Hijria huanza magharibi. Kama barua ingesema imeandikwa usiku wa Jumanne, kwa hesabu hiyo ni usiku wa kuamkia Jumanne, ambao simu yako leo ingeuita Jumatatu usiku, 18 Juni. Ndiyo sababu hifadhidata inapaswa kutunza maneno ya barua jinsi yalivyo, jina la kalenda, na namba mbili za siku: ya mapema inayowezekana na ya mwisho inayowezekana. Anayehifadhi tarehe moja iliyokwisha kugeuzwa anautupa ushahidi, na mtafiti atakayekuja baadaye hataweza kusahihisha chochote.

Namba mbili hizo ndizo zinazompa nafasi mzee wa Ugogo asiye na karatasi. Mtunya ni njaa kubwa ya kati ya 1917 na 1920, hivyo “alizaliwa wakati wa Mtunya” inaingia kama 2,421,230 hadi 2,422,690. Mzee akikumbuka kwamba mtoto alizaliwa mvua zikiwa zimeshaanza, miezi mingi ya kiangazi inaondoka kwenye muda huo, kwani Ugogo una msimu mmoja wa mvua, takribani Desemba hadi Aprili. Kinachobaki ni vipande vichache vya siku, na swali la kufuata ni ndugu yupi alizaliwa kabla yake.