Kwa nini feni za kadi ya grafiki hunguruma kompyuta ikiwa imetulia?

Hakuna gemu iliyofunguliwa, ni faili moja tu ya maandishi, lakini feni za kadi ya grafiki zinavuma. Mombasa jibu huwa tayari mdomoni: vumbi na hewa ya chumvi. Kompyuta hupelekwa kwa fundi, akaipuliza, akabadilisha pesti ya kupitisha joto, na mara nyingi kelele ikarudi jioni ileile.

Vumbi lina makosa yake, ila hili si lake sana. Mapezi yaliyoziba, yaani vile vibati vyembamba vya kutoa joto, hujionyesha kadi inapobeba mzigo wa wati 150 au 200. Ikitulia, kadi nyingi hutumia wati 10 hadi 20 tu, joto ambalo hata mapezi yenye utando hulimudu. Pesti iliyokauka ni hivyo hivyo: kwa wati 15 haiongezi ila nyuzi chache. Feni yenye beringi iliyokufa nayo hukwaruza au hutetemeka hata ikizunguka polepole. Kwa hiyo kwanza sikiliza: ni chuma au ni upepo? Kama ni upepo, feni ni nzima na inatii amri. Linalotafutwa ni kilichotoa amri hiyo.

Kadi nyingi za miaka hii huzima feni kabisa chini ya nyuzi 50 au 60 hivi. Feni haiwezi kuanza kwa mwendo wa kunyata, hivyo mpaka ukivukwa huamka kwa kishindo, hupoza, hulala, kisha huamka tena. Msimu wa kaskazi, mchana hufika nyuzi 32 au 33. Tuseme hewa ndani ya kasha ni 38 na kadi imezidi hapo kwa 18: jumla ni 56, palepale mpakani. Kelele ya kuwaka na kuzima mara nyingi ni hiyo tu.

Kelele isiyokoma ina sababu ya ajabu zaidi: monita ya pili.

Kadi ikitulia hupunguza kasi ya memori ili kuokoa umeme. Lakini memori hiyohiyo ndiyo inayolisha picha kwenye monita, na wakati wa kubadili kasi haiwezi kusomwa. Mabadiliko hayo hufanywa kwenye upenyo mfupi baada ya picha moja kumalizika na kabla ya inayofuata kuanza. Kwa monita ya kawaida ya 1080p yenye Hz 60 (picha 60 kwa sekunde), upenyo huo ni kama sehemu 0.67 ya milisekunde. Sasa weka monita ya Hz 60 na nyingine ya Hz 144. Ni kama kuvuka Digo Road kwa mkupuo mmoja: upande huu tuktuk zimekatika, ule matatu zinakuja, ukigeuka, mambo yamepinduka. Nafasi zipo pande zote mbili, ila haziangukii pamoja kwa uhakika. Draiva, yaani programu inayoiendesha kadi, badala ya kuhatarisha skrini kumetameta, huiacha memori kwenye kasi ya juu mchana kutwa. Wati 15 huweza kuwa 35, na feni hazina budi. Si kila kadi hufanya hivi; draiva mpya zimetatua baadhi ya michanganyiko, si yote.

Kuhakikisha ni rahisi. Kwa kadi ya NVIDIA, andika nvidia-smi kwenye dirisha la amri, au tumia programu ya GPU-Z kwa kadi yoyote. Ukiona P8 (hali ya kupumzika) na wati chache, kadi imelala kweli. Ukiona P0 (hali ya nguvu kamili) na kasi ya memori iko juu, chomoa monita ya pili, subiri dakika mbili, utazame tena. Ikishuka, mkosaji umempata: fanya Hz za monita zote ziwe sawa, au shusha 144 iwe 120. Prosesa ikiwa na grafiki yake, monita ya pili ichomekwe kwenye ubao mama. Isiposhuka, funga kivinjari na picha za mandharinyuma zinazocheza, kisha kagua kama mpangilio wa umeme wa draiva umewekwa kwenye nguvu za juu kabisa.

Ikiwa shida ni ile ya mpakani, programu ya MSI Afterburner hukuruhusu kuipa feni asilimia 30 muda wote. Mlio mdogo usiobadilika hausumbui kama ule wa kuamka na kulala. Jaribu asilimia kwa asilimia, maana chini ya kiwango fulani baadhi ya feni hukataa kabisa kuanza.

Na ukisafisha, maana pwani utasafisha tu, shika pangaboi kwa kidole kabla ya kupuliza. Feni inayozungushwa na hewa ya kompresa hupita kasi iliyoundiwa, na hapo ndipo beringi huharibika kwelikweli.