Kubadilisha namba ya njia si kubadilisha njia

Tangazo likitoka kwamba namba za mabasi zinabadilika, utasikia mambo matatu yakisemwa kana kwamba ni jambo moja: njia zimehamishwa, mabasi yamefutwa, usafiri umeboreshwa. Nimeusikia mkanganyiko huu kwa abiria, kwa watangazaji wa redio, na hata kwa maofisa walioandika tangazo lenyewe. Halafu unafuata ubishi mrefu kuhusu kama namba mpya zinasaidia au zinachanganya watu, na wanaobishana hawazungumzii kitu kimoja.

Namba ya njia ni jina fupi la mfululizo wa vituo ambavyo mabasi huvipitia kwa mpangilio uleule. Kubadilisha namba ni kuupa mfululizo huo jina jingine. Vituo vinaweza kubaki vilevile, ratiba ikabaki ileile, hata dereva akawa yuleyule. Hiyo ndiyo maana yake yote. Shida iko kwenye vitu vinavyobandikwa juu yake.

Tukisema "basi namba 12" tunaweza kuwa tunataja vitu vinne. Kuna njia, yaani vituo kwa mpangilio wake. Kuna safari, yaani mara moja ya kupita njia hiyo, tuseme ile inayoondoka saa moja na robo asubuhi. Kuna gari lenyewe, ambalo asubuhi linaweza kwenda njia moja na jioni likapangiwa nyingine. Na kuna namba iliyoandikwa mbele. Wanaotengeneza data za usafiri walilazimika kuvitenganisha zamani. Ule mfumo wa faili unaotumiwa na ramani za simu duniani kote, uliozaliwa mwaka 2005 kwa ushirikiano wa TriMet, shirika la usafiri la Portland nchini Marekani, na Google, unaipa kila njia kitambulisho cha ndani ambacho abiria hakioni, na kando yake kuna sehemu tofauti ya jina fupi, ile namba ya kwenye kibao. Jina fupi likibadilishwa, kitambulisho kinaweza kubaki palepale. Kompyuta haichanganyikiwi, kwa sababu haikuwahi kudhani kwamba jina na njia ni kitu kimoja.

Binadamu hudhani hivyo, na ana sababu nzuri. Mtazame abiria kituoni. Basi linakuja, jua liko nyuma yake, na kibao cha mbele kina tarakimu kubwa na jina la mwisho wa safari kwa herufi ndogo. Kwa umbali ambao dereva bado anaweza kusimama bila kufunga breki ghafla, jina halijasomeka. Tarakimu zinasomeka, na ndizo zinazomfanya abiria ainue mkono. Wapo wasiojua kusoma jina la mtaa lakini wanazitambua 7 na 4 zikikaa pamoja. Wapo wenye macho hafifu wanaoshika umbo la namba kabla hawajaliona basi vizuri. Namba hiyo ndiyo mtoto aliyofundishwa siku ya kwanza kwenda shule peke yake, ndiyo iliyoandikwa kwenye barua ya hospitali inayomwelekeza mgonjwa kliniki, na ndiyo mwenyeji anayomtajia mgeni kwenye simu. Kwa hiyo ukiigusa, umegusa kitu kilichosambaa mahali pengi kuliko vibao vya vituoni, na sehemu kubwa ya mahali hapo mamlaka ya usafiri haiwezi kufika kwenda kurekebisha.

Sasa, tofauti ninayotaka ishikwe ni hii. Chini ya maneno "namba mpya" hufichwa vitendo vitatu, na kila kimoja kina athari yake.

Kitendo cha kwanza ni njia ileile kupewa jina jipya. Hapa usumbufu upo lakini ni wa muda. Anayeisubiri namba ya zamani hataiona, atauliza, ataambiwa, atapanda. Amepoteza dakika kadhaa na pengine ameudhika.

Cha pili ni jina lilelile kubaki juu ya njia iliyobadilishwa. Hiki huwa hakitangazwi kama mabadiliko ya namba, kwa sababu namba haikuguswa, na kwa macho ya wengi kinaonekana cha upole zaidi. Kwa kweli ni kigumu kuliko cha kwanza. Kibao kinamwambia abiria kwamba hakuna kilichobadilika, anaingia bila wasiwasi, halafu basi linapita moja kwa moja kwenye njia panda ambapo lilikuwa likikata kushoto. Katika hali hiyo namba mpya ingekuwa msaada: ingemfanya asite, aulize kabla ya kulipa nauli. Wanaosema siku zote kwamba "afadhali wangeacha namba kama zilivyo" wanaisahau hali hii.

Cha tatu ndicho kibaya, na ndicho ambacho watu wachache hukitofautisha na viwili vya mwanzo: namba ya zamani kuchukuliwa na kupewa njia nyingine kabisa, tena siku ileile. Ukibadilisha namba ya simu, wanaokupigia watahangaika kidogo, lakini ile ya zamani haipatikani, na kutopatikana kwenyewe ni taarifa. Namba yako ya zamani ikipewa mtu mwingine siku hiyohiyo, anayekupigia anapokelewa, anaongea, na anaweza kutuma pesa kabla hajagundua. Abiria aliyezoea 12, akaiona 12 inakuja kwa wakati wake wa kawaida, hana sababu yoyote ya kuuliza. Atajua akiwa mbali. Watu wanapolalamika kwamba namba mpya zimewapoteza, mara nyingi ukiwasikiliza vizuri utakuta kilichowapoteza ni namba ya zamani iliyokaa juu ya njia ngeni. Namba ambayo hawajawahi kuiona ingewafanya waulize.

Hapo ndipo jibu la ule ubishi linapokaa, kwa maoni yangu. Namba mpya husaidia pale inaposema ukweli kwamba kuna kitu kimebadilika. Hudhuru pale jina la zamani linapoahidi njia ambayo haipo tena.

Upo upande mwingine wa ubishi, ule wa wanaoamini kwamba namba nzuri lazima iwe na maana ndani yake. Historia ya London inafaa kutazamwa kidogo. Namba zilianza kubandikwa kwenye mabasi ya huko mwaka 1906, na kampuni ya Vanguard. Kabla yake mtu alitegemea rangi ya gari na majina yaliyoandikwa ubavuni. Sheria ya usafiri ya mwaka 1924 iliwapa polisi mamlaka juu ya namba hizo, na mabasi yaliyokatisha safari au kuchepuka kutoka njia kuu yakawekewa herufi mwishoni mwa namba. Katika miaka ya 1930 ukaja mpango mpana zaidi: 1 hadi 199 kwa mabasi ya ghorofa, 200 hadi 299 kwa yasiyo na ghorofa, mia tatu na mia nne kwa mabasi ya mashambani kaskazini na kusini mwa jiji, na 500 hadi 699 kwa trolibasi, yale yaliyovuta umeme kwenye nyaya za juu.

Jiulize mpango huo ulimsaidia nani. Anayepanga magari gereji anahitaji kujua kama njia inapitika kwa basi la ghorofa. Abiria anayewahi kazini hahitaji. Trolibasi zenyewe ziliondolewa mwaka 1962, na leo njia nyingi za mia mbili zina mabasi ya ghorofa. Maana ilikufa, namba zikabaki, na watu wanaendelea kufika waendako. Njia namba 24 imekuwa ikiunganisha Hampstead Heath na Pimlico tangu 1912, na hakuna chochote ndani ya 2 na 4 kinachokueleza hivyo. Ilipowekwa kwenye orodha ya njia zilizopendekezwa kuondolewa mwaka 2022, wananchi waliitetea kwa nguvu na ikabaki. Kilichoipa namba hiyo maana ni miaka mingi ya kutobadilika.

Sisemi kwamba mfumo wenye mantiki hauna faida. Barcelona ilipojenga mtandao wake mpya kwa awamu kuanzia 2012 hadi 2018, ilizipa herufi H njia zinazokwenda sambamba na bahari, V zile zinazopanda na kushuka kati ya bahari na milima, na D zinazokata mshazari. Njia za H zina namba shufwa, za V namba witiri, na zimefuatana kadiri unavyovuka jiji: H2 iko juu upande wa milima, H16 iko chini karibu na ufukwe. Mgeni akishaelewa hivyo anaweza kukisia basi linaelekea wapi kabla hajafungua ramani. Dublin nayo, tangu 2021, ina H1, H2 na H3 zinazopita pamoja kwenye shina moja kisha kugawanyika. Anayeshuka ndani ya shina anahitaji kuona H tu, yoyote itamfikisha. Anayekwenda mwisho wa tawi ndiye anayehitaji tarakimu. Huo ni msaada wa kweli, na umetokana na namba kufuata umbo la njia zilizopangwa upya.

Tofauti yake na ule mpango wa London wa miaka ya 1930 ni kwamba mantiki hii inamhudumia aliyesimama kituoni. Mamlaka ikitangaza "mfumo wa kisasa wa namba", swali la kwanza la kuuliza ni kama maana iliyomo ndani ya namba inamfaa abiria au inaifaa ofisi.

Tena faida na gharama haziwaangukii watu walewale. Mfumo wenye mantiki humfaa zaidi mgeni, ambaye hana cha kusahau. Gharama humwangukia abiria wa kila siku, ambaye hakuwa na tatizo. Hilo halimaanishi kwamba mgeni asifikiriwe, kwa sababu kila abiria alikuwa mgeni siku moja na watoto wanaokua leo watajifunza namba mpya bila taabu. Linamaanisha kwamba abiria wa zamani anastahili kuheshimiwa katika kipindi cha mpito: kibao kiandike namba mpya kikubwa na "zamani 12" chini yake, kondakta au sauti ya ndani ya basi itaje zote mbili kwa miezi kadhaa, na namba iliyostaafishwa isipewe njia nyingine mpaka watu wawe wameisahau. Hakuna gumu hapo. Ukiona limeachwa, ujue aliyepanga hakuwahi kukisubiri kituoni kile anachokipanga.

Seoul inatajwa na pande zote mbili za ubishi, na inatajwa vibaya. Tarehe 1 Julai 2004 jiji hilo lilibadilisha mabasi yake kwa mkupuo. Jiji liligawanywa kanda kutoka 0 hadi 7, na mabasi makubwa ya buluu yakapewa tarakimu tatu: kanda linapoanzia, kanda linapoishia, kisha namba ya mfuatano. Njia 143 inatoka kanda 1 kaskazini-mashariki hadi kanda 4 kusini ya mto Han unaolikata jiji, na 3 ya mwisho ni namba yake ya mfuatano. Siku za mwanzo zilikuwa za vurugu, na wapinzani wa namba mpya huzitumia kama ushahidi. Lakini asubuhi hiyohiyo zilibadilika njia zenyewe, rangi za magari, hesabu ya nauli na mfumo wa kadi za kulipia, na kadi zilisumbua. Wanaousifu mpango huo nao wanakosea wanapoipa namba sifa za huduma iliyokuja kuwa bora, wakati palikuwa na njia maalumu za mabasi katikati ya barabara na nauli moja iliyounganisha basi na treni. Namba ilikuwa sehemu ndogo ya jambo kubwa.

Kwa hiyo, ndugu unayeandika kwamba basi la mtaani kwenu limefutwa: angalia kwanza kama kuna basi linalopita vituo vilevile kwa namba nyingine. Kama lipo, andika kwamba limebadilishwa namba, ili jirani yako asianze kutembea kwa miguu bure. Na wewe uliyeandaa tangazo, kama vituo vitatu vimeondolewa, usikiweke kichwa cha habari "namba mpya". Andika kwamba njia imefupishwa, vitaje vituo hivyo kwa majina, kisha namba ifuate chini yake.