Chumvi na siki hazishikishi rangi ya maua

Ukianza kujaribu kutia kitambaa rangi kwa maua, ushauri wa kwanza utakaopewa ni uleule: kiloweke kwenye chumvi au siki ili kisichuje. Umerudiwa miaka mingi, lakini si kweli.

Chumvi husaidia baadhi ya rangi za kiwandani kuingia kwenye pamba. Nadhani mkanganyiko ulianzia hapo. Rangi ya maua huhitaji madini ya kuiunganisha na uzi, na yanayotumika sana ni shabu, yale mawe meupe yanayopitisha mwanga. Yeyusha gramu 15 hivi katika maji ya moto kwa kila gramu 100 za kitambaa kikavu, ukiloweke humo kabla ya kukitia rangi. Sufu na hariri huipokea vizuri. Pamba ni kaidi zaidi: hutaka kwanza ilowekwe kwenye tanini, ile dutu kali iliyomo kwenye majani ya chai na magome ya miti.

Siki hugeuza rangi tu. Dondoshea kidogo kwenye maji ya haibiskasi uone zambarau ikiwa nyekundu palepale. Inavutia kweli, ndiyo maana watu huiamini. Ila haibiskasi hufifia juani hata ukitumia shabu. Kwa anayeanza, ningechagua marigodi: manjano yake hudumu.