Mwendo wa gesi moto kuzunguka galaksi kubwa hupimwa, haurekodiwi

Tangu mwaka 2022, shirika la NASA lilipotoa sauti iliyotengenezwa kutokana na picha za eksirei za kundi la galaksi la Perseus, kitengo chetu kimekuwa kikipokea maswali kutoka kwa wananchi wanaoamini kwamba kipaza sauti kilipelekwa karibu na shimo jeusi. Tunaipokea shauku hiyo kwa moyo mkunjufu, lakini hakuna chombo kilichowahi kufika huko. Sauti hiyo ilitokana na mawimbi ya shinikizo yanayopita katika gesi moto ya kundi hilo. Mawimbi hayo, ambayo alama zake zilionekana katika picha za Chandra, darubini ya eksirei iliyo angani, na kutangazwa mwaka 2003, huchukua takriban miaka milioni 10 kukamilisha mtikisiko mmoja, na ilibidi yapandishwe oktavu 57 na 58 (kila oktavu huongeza kasi ya mtikisiko maradufu) ndipo sikio la binadamu liyapate. Anayesambaza sauti hiyo aeleze hivyo.

Wapo pia wanaokana kabisa kwamba kunaweza kuwa na mawimbi ya sauti huko, kwa hoja kwamba anga ni ombwe. Hoja hiyo haisimami mahali hapa. Galaksi ya NGC 1275, iliyo katikati ya Perseus, imezungukwa na gesi yenye joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi, na ingawa ni nyembamba mno, jumla ya gesi ya kundi zima ina uzito mkubwa kuliko nyota zote za galaksi zake.

Mwendo wa gesi hii hausomwi kwa kuitazama picha. Husomwa katika spektra ya eksirei, yaani eksirei zilizopangwa kwa nishati yake, kwenye mstari unaoachwa na chembe za chuma katika nishati ya takriban kiloelektronivolti 6.7: mstari ukihama, gesi nzima inasogea kuelekea kwetu au kwenda mbali nasi, ukipanuka, ndani yake mna misukosuko. Kabla ya kutamka lolote, hatua kadhaa ni za lazima. Kipimajoto cha chembe za mwanga, kinachopima nishati ya kila chembe ya eksirei kwa joto dogo inaloliacha, hupoozwa hadi nyuzi 0.05 hivi juu ya sufuri halisi, usomaji wake hulinganishwa na chanzo cha mnunurisho chenye nishati inayojulikana, mwendo wa Dunia kulizunguka Jua, ambao ni kilomita 30 kwa sekunde, huondolewa, kisha hutolewa upana unaoletwa na joto lenyewe la chembe za chuma. Kipimo kilichoruka hatua mojawapo kati ya hizo hakikubaliwi, hata kama aliyekileta ana nia njema.

Setilaiti ya Japani iitwayo Hitomi, iliyorushwa Februari 2016 na kupotea mwezi uliofuata, iliwahi kuipima Perseus kwa njia hiyo na kupata misukosuko ya kilomita 164 kwa sekunde. Wengi walitarajia dhoruba, kwa sababu shimo jeusi la NGC 1275 hupuliza viputo vikubwa ndani ya gesi. Kumbe shinikizo la misukosuko lilikuwa kama asilimia 4 tu ya shinikizo la joto.

Mrithi wake, setilaiti ya XRISM, aliyerushwa Septemba 2023, ameonyesha kwamba katikati ya Centaurus, kundi jingine la galaksi, gesi nzima inayumba kwa kasi ya kati ya kilomita 130 na 310 kwa sekunde. Matokeo hayo tunayaona kuwa muhimu kuliko sauti yoyote, kwa sababu gesi ya katikati hupoteza joto lake kwa kutoa eksirei na ingepaswa kupoa na kuzaa nyota kwa wingi, lakini haifanyi hivyo. Kuyumba huko huichanganya na gesi yenye joto zaidi iliyo nje yake.