Je, wajua kwa nini kingo za ua la kufuma hujikunja zenyewe?

Aliyewahi kufuma vitambaa vya makochi kwa kroshia anaijua kero hii: kitambaa kinaanza vizuri, kimelala bapa mezani, halafu kingo zinaanza kupanda na kushuka kama mawimbi. Utakinyoosha kwa mkono, utakipiga pasi, wapi! Kwa mfuma vitambaa hiyo ni kasoro. Kwa anayefuma maua, hapo ndipo kazi inapoanza kunoga, maana petali na majani ya saladi hujikunja kwa sababu hiyohiyo.

Tuhesabu vitanzi. Anza duara kwa vitanzi 6 vifupi. Mzunguko wa pili uwe na 12, wa tatu 18, wa nne 24, yaani kila mara unaongeza 6. Duara litalala bapa. Hiyo 6 haikuokotwa tu. Mzingo wa duara ni sawa na nusu kipenyo mara 6.28 hivi, na kitanzi kifupi kina kimo kinachokaribiana na upana wake. Kwa hiyo kila unaposogea nje kwa kimo cha kitanzi kimoja, ukingo unadai nafasi ya vitanzi 6 na ushei.

Ukiacha kuongeza, kazi inajifunga na kusimama, na ndivyo kofia inavyopatikana. Sasa jaribu kinyume chake: fuma vitanzi viwili juu ya kila kitanzi kimoja. Utapata 6, 12, 24, 48, 96, na mzunguko wa sita utakuwa na 192, mahali ambapo duara bapa lingetosheka na 36. Uzi wote huo utakaa wapi? Pembeni hakuna nafasi, basi unakimbilia juu na chini. Hukuyafuma mawimbi hayo. Yamejitokeza yenyewe kwa sababu ukingo umekuwa mrefu kuliko katikati inavyoweza kuubeba.

Mmea nao hufanya hivyo, ila badala ya vitanzi una seli. Mwaka 2003 Utpal Nath na wenzake walichapisha utafiti wao kuhusu ua la bustanini liitwalo Antirrhinum. Jani lake la kawaida ni bapa, kwa kuwa seli za pembeni huacha kugawanyika kwa wakati wake. Jeni moja, iitwayo CIN, ikiharibika, pembeni huendelea kukua wakati katikati pameshatulia, na jani linatoka limekunjamana. Mwaka mmoja kabla yake, Eran Sharon na wenzake walikuwa wameonyesha kwamba hata mfuko wa plastiki hufanya vivyo hivyo: ukiuchana taratibu, ukingo uliovutika unabaki na mikunjo, na juu yake mikunjo midogo zaidi. Hakuna jeni hapo, ni urefu wa ukingo tu.

Wanahisabati walilijua umbo hili, liitwalo haiparaboli, tangu karne ya 19, siku za wenzao Lobachevsky na Bolyai. Kulishika mkononi ndiko kulikowasumbua. Modeli za karatasi zilikuwa zikichanika. Mwaka 1997 Daina Taimina, mwanahisabati mzaliwa wa Latvia aliyekuwa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alichukua uzi. Alianza na sindano mbili, akakwama: katika ufumaji huo vitanzi vyote vya mstari hubaki kwenye sindano, na vinapoongezeka namna hii sindano inajaa. Kwa kroshia unashika kitanzi kimoja tu kwa wakati, ukingo uwe mrefu kiasi gani. Juu ya kazi zake alishona mistari ya uzi wa rangi nyingine, na mtu akaweza kuona pembetatu ambayo jumla ya pembe zake haifiki digrii 180.

Kutoka hapo sanaa ikachukua nafasi yake. Mwaka 2005 Margaret na Christine Wertheim, dada wawili wa Australia waishio Los Angeles, walianza kufuma miamba ya matumbawe kwa mbinu ya Taimina, na maelfu ya wafumaji wa nchi mbalimbali wamejiunga nao. Mwaka 2019 kazi yao ilikuwa Venice, kwenye maonyesho makubwa ya sanaa. Kinachonivutia zaidi ni kwamba wafumaji hawakubaki na kanuni moja tu. Mmoja aliongeza kila baada ya vitanzi vitatu, mwingine kila baada ya vitano, wengine wakabadilisha katikati ya kazi, na kila uamuzi ukazaa kiumbe tofauti.

Kwa anayetaka ua tu la kuweka mezani, usiongeze maradufu tangu mwanzo, utapata donge. Fuma petali bapa kwanza, kisha ongeza maradufu kwenye mizunguko miwili ya mwisho pekee. Waridi ni rahisi zaidi: fuma utepe mrefu, jaza ukingo mmoja tu vitanzi vingi, uviringishe kuanzia ncha moja, na ushone chini ili usifumuke.