Ushuru wa soda uhesabu sukari, sio lita

Juzi kliniki huku Temeke mama mmoja kaja na mwanae wa miaka tisa, kilo 52, ananiambia dokta huyu mbona hata kula hali sana, nikamuuliza na kunywa je, akasema aah soda moja tu shuleni na nyingine jioni dukani kwa Mangi. Nikatoa chupa ya mililita 350 tukasoma lebo wote, sukari gramu 10 na ushee kwa kila mililita 100, nikachukua kopo la sukari nikaanza kuchota kwenye glasi na kijiko cha chai, cha tisa hicho mama kaziba mdomo kwa mkono. Shirika la Afya Duniani, WHO, wanasema ikiwezekana mtu mzima abaki kwenye gramu 25 hivi kwa siku, vijiko sita.

Sasa hii kodi ya sukari kwenye soda naiunga mkono kabisa, ila kodi ya namna gani, hapo ndo penyewe. Soda kwetu inalipiwa ushuru wa bidhaa siku nyingi tu, lakini kwa lita, yaani yenye sukari kibao na yenye kidogo zinalipa sawasawa, mwenye kiwanda apunguze sukari ili iweje? Uingereza Aprili 2018 waliweka madaraja, wakati ule chini ya gramu 5 za sukari kwa mililita 100 hulipi, kuanzia 5 peni 18 kwa lita, kuanzia 8 peni 24, na viwanda vingi vikapunguza sukari hata kabla sheria haijaanza kufanya kazi. Mwezi huohuo Afrika Kusini wakaanza kutoza kila gramu inayozidi 4 kwa mililita 100.

Wengine wanasema inamkandamiza mlalahoi. Jamani, Mexico walipoweka peso 1 kwa lita mwaka 2014 kaya za kipato cha chini ndo zilipunguza kununua zaidi, na kisukari chenyewe kinamkandamiza nani, mimi nawaona wanaokosa nauli ya kuja kupima.

Kinachoninyima usingizi ni chai, vijiko vinne kikombe kimoja, na juisi za ndoo, kodi haifiki huko. Na watoto wacheze wapi, viwanja vyote vimejengwa.

Yule mama tulikubaliana soda iwe Jumapili tu. Jana kanitumia picha WhatsApp, lebo ya juisi ya boksi, kaandika: dokta hii nayo gramu 11, nimeirudisha dukani.