Kabla ya Kununua Klorini, Pima Maji

Juzi fundi mmoja alituletea maabara maji ya bwawa la kuogelea la nyumba moja ya Kiamunyi, Nakuru, ndani ya chupa ya soda. Yalikuwa ya kijani kama mchuzi wa mrenda. "Daktari," akaniambia, "nimetia dawa mpaka ndoo imeisha, na haya maji ndiyo hayo."

Nilidondosha matone ya kupimia pH, yaani kiwango cha asidi au alkali majini. Maji yaliyo sawa hugeuka rangi ya chungwa. Haya yalikuwa mekundu yaliyokolea. pH ilikuwa imepita 8. Klorini ilikuwamo, ila ilikuwa imelala.

Pale pH ikiwa 7.2, kama theluthi mbili za klorini huwa katika hali ile inayoua vijidudu upesi. Ikifika 8, hubaki kama robo tu. Ndiyo maana nashauri pH iwe kati ya 7.2 na 7.6 kabla hujagusa kopo la klorini. Visima vingi virefu vya huku Bonde la Ufa vina bikaboneti kwa wingi, na bikaboneti huivuta pH juu kila unapoishusha. (Floridi inayotutia meno rangi ya kahawia ni kesi nyingine, bwawa haliharibiki kwayo.)

Sasa dukani. Unga mweupe wa kalsiamu haipokloraiti, wenye klorini ya asilimia 65 hadi 70, hupandisha pH. Ndio fundi wetu aliokuwa akiumwaga. Vidonge vikubwa vya trikloro, vya asilimia 90 hivi, huishusha, kwa hiyo vinaelekea kuyafaa maji yetu. Lakini vina asidi ya sianuriki, inayoikinga klorini na jua. Jua letu la Ikweta laweza kumaliza nusu ya klorini isiyo na kinga ndani ya saa moja, kwa hiyo kinga kidogo, miligramu 30 hadi 50 kwa lita, ni ya lazima. Tatizo ni kwamba kinga hiyo haipotei yenyewe. Ukitia miligramu 2 za klorini kwa lita kila siku kwa vidonge tu, kwa mwezi utakuwa umeongeza kama miligramu 36 za kinga kwa lita. Ikipita 100 klorini inazubaa, na dawa yake ni kumwaga sehemu ya maji. Kwa bei ya maji ya bauza (lori la tangi), heri upime mapema.

Wengine hudhani watapata nafuu kwa kuchanganya unga na vidonge ndani ya kifaa kimoja. Tafadhali, usijaribu. Hushika moto, hata kulipuka. Asidi nayo, ile ya kushushia pH, ikikutana na klorini hutoa gesi inayochoma mapafu. Kila dawa iwe na kikombe chake na rafu yake, na siku zote mimina dawa kwenye maji, kamwe si maji kwenye dawa.

Kiasi? Bwawa la mita 8 kwa 4, kina cha wastani mita 1.5, lina lita 48,000. Kulitoa sifuri hadi miligramu 2 kwa lita kunahitaji kama gramu 150 za unga wa asilimia 65. Si ndoo. Na ile harufu kali inayowasha macho, ambayo wageni husifia kuwa ni usafi, mara nyingi ni klorini iliyokwisha kushikana na jasho na mkojo.

Kisumu, ambako maji ni ya joto na mvua ya jioni huingia na takataka, pima kila siku. Nakuru mara 3 kwa wiki hutosha, bwawa lisipojaa watoto.

Fundi alianza na asidi, akaimimina kidogo kidogo jioni, pampu ikizunguka. Usiku wa pili akatia klorini nyingi, akasugua kuta na kuosha chujio kila asubuhi. Hakuna aliyeogelea. Siku ya nne akanitumia picha: shilingi ishirini aliyoitupa upande wa kina ilikuwa inaonekana.